Ndoo Kumi na Tisa

Mwaka ule Velko alipiga dawa saa sita mchana,
alizeti zimechanua, nyuki wangu wote wako kazini.
Angeweza kungoja magharibi.
Nilikuwa nimemwomba mimi mwenyewe, mlangoni pake,
na chupa ya asali kwapani.

Jioni mizinga arobaini na mmoja ilikuwa kimya.
Niliwazoa kwa koleo la makaa,
nikawapima kwa ndoo ya kukamulia mbuzi:
ndoo kumi na tisa.
Gancho, mume wangu, alikaa ngazini akazitazama,
na hakutaja asali tena mpaka tulipomzika.

Kasisi Partenii husoma: saba mara sabini.
Mimi ni mtu wa hesabu, niliwahi kutunza vitabu vya ushirika.
Mia nne na tisini.
Ndoo moja ya nyuki ina roho ngapi?
Nilikokotoa usiku kucha, nikaona Bwana kanipunja.

Miaka sita nimesali Baba Yetu kama mtu avukaye kijito:
utusamehe deni zetu, hapo pana jiwe, nakanyaga;
kama sisi nasi, hapo naruka.
Nilidhani hakuna anayesikia nikiruka.

Leo ni Jumapili ya mwisho kabla ya Kwaresima.
Hapa kwetu, uwandani Dobruja, theluji haijaisha mitaroni,
vijana wamewasha mioto kilimani,
na ndani ya nyumba kipande cha halua kinaning'inia kwenye uzi
watoto wakidake kwa meno, mikono nyuma.
Leo mdogo humwendea mkubwa, humbusu mkono,
husema: nisamehe.
Ndiyo mila. Haiulizi nani kamkosea nani.
Inauliza miaka tu.
Mimi nina sitini na minane. Velko ana themanini na mmoja.

Kalina, mjukuu wangu, halua imemnata shavuni, akaniuliza:
"Bibi, mbona kwa babu Velko hatuendi?"
Nikamwambia kuna matope.
Akachungulia dirishani.
Matope yalikuwa yameganda kama saruji.

Nikavaa buti za marehemu.

Alikuwa jikoni peke yake, redio ikikoroma,
supu imefanya utando.
Maneno yangu niliyapanga tangu kisimani:
ndoo, mizinga, Gancho ngazini.
Nikainama. Mkono wake ulinuka kitunguu.
Likatoka moja tu.
"Nisamehe."

"Kwa lipi?" akasema.
Si kwa kejeli. Aliuliza kama mtu anayesubiri kuletewa ankara.

Nami, niliyekuja na deni lake limekunjwa kifuani,
nikapapasa, nikakuta langu.
"Mkeo alipokufa," nikasema, "nilisikia kengele.
Nilikuwa naanika shuka. Niliendelea kuanika.
Na nilifurahi."

Velko akanyamaza mpaka redio ikamaliza habari za hali ya hewa.
"Umesamehewa. Mungu naye akusamehe."
Kidevu kilimtetemeka,
au alikuwa anatafuta meno yake kwa ulimi.
Kisha akaanza, "Mizinga ile..."
asimalize.

Sikumsaidia. Wala sikumdai.
Nikamwambia hilo nimelisamehe,
na nilipokuwa nalisema halikuwa kweli bado;
nililisema kama mtu anavyoweka mezani
malipo ya kwanza, noti zimekunjamana,
bila kujua za mwezi ujao zitatoka wapi.

Nafika langoni, ananipigia kelele:
"Funga komeo, Stamena, mbwa atatoka!"
Amri, kwa sauti ileile ya zamani.
Damu ikanipanda mpaka masikioni.
Nikarudi, nikafunga.

Hiyo ndoo moja, basi.
Zimebaki kumi na nane.